Qabale wa Garsen na kompyuta iliyokula ng'ombe wanne

Saa mbili asubuhi, jenereta ya duka la Abdirahim mjini Garsen inakohoa, inatema moshi mweusi, kisha inashika. Feni inaanza kuzunguka. Friji ya soda inanguruma.

Qabale Huka bado hajaunganisha waya wake. Amekaa juu ya kreti nyuma ya duka, kompyuta ndogo ya kubeba ikiwa mapajani, mswaki mkononi. Anasugua vumbi lililoingia katikati ya vibonye, huku sikio lake liko kwenye jenereta.

“Ngoja itulie kwanza,” anasema. “Ikiamka hivi umeme wake una hasira. Chaja ya kwanza iliungulia hapa hapa, ikanuka kama nywele zilizoshika moto.”

Leo anaisafisha kuliko siku zote. Kuna mtu anakuja kuitazama. Qabale anataka kuiuza.

Ana umri wa miaka thelathini na sita na watoto watatu; wa kwanza ni Muna, ndiyo maana wengi humwita Mama Muna. Kwa zaidi ya miaka kumi, mtu wa Garsen aliyetaka barua ya kuomba kazi, mkataba wa kukodi shamba Minjila au mtihani wa shule, alikuja kwake. Kazi ya kupiga chapa alijifunza Malindi akiwa msichana, akarudi na taipu ya chuma iliyokwisha tumika, akaweka meza kwenye baraza ya duka hili. Siku njema zilimpa shilingi mia mbili. Hazikuwa nyingi, lakini zilikuja bila kungoja mvua.

Mvua ndiyo iliyokuja kuzimaliza. Mwishoni mwa mwaka jana, 1997, Mto Tana ulipofurika, Qabale na wanawe walikimbilia mwinuko ulio kando ya barabara. Waliporudi, ukuta wa udongo ulikuwa umelalia taipu.

“Niliifukua kwa mikono,” anasema. “Fundi aliitazama, akanirudishia. Nikajua.”

Mumewe, Jilo, alikuwa mbali na ng'ombe. Maji yalipoanza kupungua yaliacha mbu na maradhi ya mifugo. Jilo alirudi nyumbani na fimbo yake na ng'ombe wanne nyuma yake; wengine walikuwa wamekufa. Wote wanne walikuwa mitamba. Jilo aliona hapo pa kuanzia kundi jipya.

Qabale aliona vingine. Shirika moja la misaada lililopiga kambi karibu na Minjila lilikuwa likitafuta mtu wa kuandika ripoti, lakini halikutaka karatasi. Lilitaka kazi iletwe ndani ya disketi.

“Nilimwambia Jilo, ng'ombe wanakufa, mashine haifi,” anasema Qabale, na mswaki unasimama. “Maneno hayo nimeyasema mimi, kwa mdomo huu.”

Siku ya tatu Jilo aliwapeleka mitamba mnadani mwenyewe.

Mwezi wa nne, barabara ilipofunguliwa, Qabale alipanda basi hadi Mombasa. Duka aliloelekezwa lilikuwa na kompyuta tatu za kubeba. Ya kwanza ilikuwa rahisi, lakini kioo chake kilikuwa na ukungu kama jicho la mzee. Ya tatu ilikuwa mpya, na kwa bei yake hata wale ng'ombe waliokufa wangefufuka wasingetosha. Akachagua ya katikati, iliyotumika mwaka mmoja, kwa shilingi elfu arobaini na tano.

Hakununua kwa pupa. Aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaiona inabebeka. Aliandika ukurasa mzima akiwa amefumba macho, na vidole havikupotea njia. Alitoa waya, na mashine ikaendelea kufanya kazi huku yeye akinywa chai, akimaliza, akiagiza nyingine.

“Lakini niliijaribu ndani ya duka lenye feni na umeme wa ukutani,” anasema. “Nilipima mashine. Garsen sikuipima.”

Mwanzoni aliipenda. Kosa lililokuwa likimgharimu karatasi nzima, sasa lilifutika kwa kidole. Aliitia ndani ya mfuko wa nailoni, akaifunga kwa kanga, akavuka nayo vijito kuwafuata wateja ambao barabara zao bado zilikuwa chini ya maji. Jioni watoto walimzunguka waone majina yao yakitokea kwenye kioo. Jilo naye aliomba aandikiwe jina la fahali wake aliyekufa. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akatoka nje.

Shida zilianza kidogo kidogo. Juani kioo hakisomeki. Joto la mchana linaifanya mashine izime yenyewe. Na maneno yakishaingia ndani hayana pa kutokea, kwa kuwa Qabale hana mashine ya kuyachapisha. Disketi hupelekwa Malindi kwa basi, na basi lisipopita, mteja anangoja.

“Kwa taipu, mtu alikuwa anaondoka na karatasi yake imekauka wino,” anasema. “Sasa namwambia njoo keshokutwa. Ikifika keshokutwa ananiuliza, Mama Muna, barua yangu imefika wapi?”

Mwezi wa saba shirika lilikunja mahema yake. Ripoti zikaisha.

Mwezi huo huo Mwalimu Kaviha, mkuu wa shule moja ya msingi upande wa Hewani, alimwita aandike mitihani ya majaribio ya darasa la nane. Qabale alikwenda shuleni na kompyuta yake, akaandika kutwa kwa jenereta ya kuazima, na mafuta yalipokwisha akaendelea kwa betri. Alama ya betri ilionyesha nusu. Alikuwa kwenye somo la mwisho mashine ilipozima, na ilipowashwa tena Garsen, kazi nyingi ya siku ile haikuwemo. Hakuwa ameihifadhi.

Watoto walifanya mtihani kwa kunakili maswali ubaoni. Wengine walikuwa bado wananakili muda ulipokwisha.

“Mwalimu hakunigombeza,” anasema. “Alisema tu, ‘Pole, mama, si kosa lako.’ Afadhali angenitukana.” Tangu hapo Mwalimu Kaviha hupeleka mitihani yake Malindi.

Saa nne hivi mteja anafika. Ni Farhiya, binti mwenye miaka ishirini na minne, mpwa wa Abdirahim. Baba yake hununua ng'ombe Nanighi, mbali kule juu ya mto, na kuwapeleka Mombasa, na Farhiya ndiye anayemwekea hesabu. Anataka kitu cha kubeba ndani ya lori.

Kabla Farhiya hajaingia nyuma ya duka, Abdirahim anainama sikioni mwa Qabale. “Mama Muna, akikuuliza betri, sema saa mbili. Ulipoinunua si ilikuwa saa mbili? Basi si uongo.”

Qabale anafuta kioo kwa ncha ya kanga.

Farhiya anakaa kwenye kreti, anaandika kwa kasi, anatikisa kichwa kwa kuridhika. “Vibonye vyake laini, mashallah.” Anaiinua. “Si nzito.” Anatoka nayo nje hadi mwisho wa waya, anakodoa macho. “Mbona sioni kitu?”

“Jifunike mtandio, mwanangu, na kioo ukifunike humo humo.”

Farhiya anafanya hivyo. Kutoka ndani ya mtandio inasikika sauti yake akicheka. “Sasa naona! Nimekuwa kama mpiga picha wa zamani.” Hata Qabale anatabasamu, kwa mara ya kwanza asubuhi hii.

Binti anarudi kivulini. “Mimi naipenda. Niambie, mama, betri inakaa muda gani?”

Abdirahim anapanga soda ambazo zimekwisha pangwa.

“Nusu saa haifiki,” anasema Qabale. “Na usiiamini alama yake, inadanganya. Mchana wa joto inazima. Ukikaa mahali penye umeme ni mashine nzuri, wallahi sitaisingizia. Lakini ndani ya lori, hapana.”

Farhiya anaitazama kompyuta, kisha anamtazama Qabale. Anaifunga polepole na kuirudisha mapajani mwa Qabale. “Asante kwa kuniambia, mama. Nisamehe. Baba hatakubali.”

Anapoondoka, Abdirahim anatupa kitambaa juu ya meza. “Riziki imekuja mpaka mlangoni, umeifukuza! Nani mwingine Garsen atakuja kununua kitu hicho?”

“Hakuna,” anasema Qabale.

Mwandishi wa habari hizi anamuuliza kwa nini basi hakunyamaza. Qabale anaifunga mashine ndani ya kanga. “Yeye anakwenda Nanighi. Ikimzimikia huko na hesabu za baba yake zimo ndani, atamlilia nani? Mimi nilikuwa na Mwalimu Kaviha mbele yangu, nikaona uso wake.”

Nyumbani, Jilo anakuna nazi ya chakula cha mchana. Ni mtu mrefu, na kibao cha mbuzi ya kukunia kinamfanya akunje magoti hadi kidevuni. Mkewe anamweleza kwa maneno machache. Halafu anamwambia alilokuwa ameliweka moyoni kwa wiki kadhaa: Malindi kuna wakili anayetafuta mpiga chapa mwenye mashine yake mwenyewe. Ofisini kwake kuna umeme.

“Na watoto?” anauliza Jilo.

Qabale anamsogezea bakuli.

Jilo anakung'uta machicha. “Nenda, Mama Muna. Nitakaa nao mimi. Sina ng'ombe wa kunitoa nyumbani.”

Basi la Malindi linaondoka Ijumaa. Qabale atakwenda na kompyuta, chaja yake ya pili na gauni mbili, na atalala kwa binamu yake hadi ajue kama wakili atamchukua. Akichukuliwa, anasema, atadunduliza hadi anunue mashine ya kuchapisha, hata iliyotumika, ili siku moja aweke tena meza yake barazani, na mtu wa Garsen aondoke na karatasi yake mkononi.

“Andika hivyo,” anasema. Kisha anatazama watoto wanaocheza uani, ambao bado hawajaambiwa.

“Lakini usiandike kwamba nitarudi mwaka huu.”