Nywila Iliyojulikana Mtaa Mzima

Hapa Nakuru, mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe huwekwa kando. Anakuwa mama wa mtoto wake wa kwanza, basi. Hata mwenye duka anayeniuzia unga wa keki halijui jina nililobatizwa. Anajua la binti yangu. Kwa hivyo siku tulipowekewa waifai nyumbani, fundi aliponiuliza nataka nywila gani, sikuhitaji kufikiri. Nilimtajia jina la binti yangu, na nikalitumia hilohilo kwenye barua pepe ili nisijichoshe akili.

Binti huyo hatuko naye tena. Nimonia ilimchukua kabla hajaanza shule. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, na baada ya mazishi nilidhani watu wangeanza kuniita kwa jina la huyo aliyebaki, wakiona ndiyo huruma. Asubuhi ya kwanza niliyotoka nje kuanika nguo, jirani yangu, mama wa Kiislamu ambaye babu yake aliletwa huku na kazi ya reli, aliniita juu ya ukuta kwa jina lilelile, kwa sauti ileile, akaomba chumvi. Mama huyo hajawahi kukosa chumvi maishani mwake. Mtaa mzima ulimfuata, na mpaka leo hivyo ndivyo ninavyoitwa. Nitamshukuru mpaka naingia kaburini.

Kuna jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Mtoto asiyefika shule hana daftari lenye jina lake wala ripoti ya muhula. Hakukuwa na mahali popote pa kuliandika jina hilo, isipokuwa kwenye waifai. Kila mgeni aliyemaliza chai yake na kuuliza nywila, nilimwomba simu nikaiandika mwenyewe, polepole. Mume wangu alidhani nina udaku wa kushika simu za watu.

Sasa asubuhi moja, keki ikiwa kwenye oveni, nikapata ujumbe kwamba kuna mtu ameingia kwenye barua pepe yangu akitumia simu isiyojulikana. Picha zote za binti yangu zilikuwa humo, na humo tu, maana simu iliyozipiga iliibwa sokoni zamani. Chini ya ujumbe kulikuwa na mahali pa kubonyeza, na kidole changu kilikuwa tayari njiani. Namshukuru Mungu kwamba nilimpigia kwanza mdogo wangu, anayeshughulika na kompyuta kule kwenye mitambo ya umeme ya Olkaria.

"Usibonyeze kitu," alisema. "Hiyo meseji inaweza kuwa ya ukweli, inaweza pia kuwa ya mwizi. Iache hapo. Fungua email yako mwenyewe, vile wewe hufungua kila siku."

"Na kama amefuta picha?"

"Ingia kwanza, dada."

Niliingia. Picha zilikuwepo. Nilimwona na gauni lake la manjano, anakula ugali kwa mikono yote miwili, nikalia huku mdogo wangu akinielekeza penye orodha ya simu zilizofungua akaunti yangu. Ile ngeni niliitoa. Nikabadilisha nywila, nikaweka na ulinzi wa pili, ule ambao mtu hata akijua nywila bado anahitaji namba inayotumwa kwenye simu yangu. Keki iliungua ikawa kaa, na wala sikuijali.

Jumamosi mdogo wangu alikuja mwenyewe. Alisimama langoni akasoma bango langu la keki, lenye namba ya simu na anwani ya barua pepe. Wakati huohuo jirani akapita na kuniita. Mdogo wangu akanitazama.

"Sasa wewe, email umebandika kwa gate, na password inaitwa na mtaa mzima. Mwizi alikuwa abaki na kazi gani?"

Aliyeingia hatukumjua. Vijana wanaoosha magari nje ya ukuta walikubali kwamba waifai yangu walikuwa wakiitumia, tena bila haya. "Si jina tunalijua, mathe?" Barua pepe walikana, nami niliwaamini, ingawa kwa siku kadhaa nilipita karibu nao nimenuna.

Ndani ya nyumba mdogo wangu alinakili picha zote kwenye flashi mbili, moja yangu, moja akae nayo yeye. Alibadilisha nywila ya kile kijisanduku chenyewe kinachotoa waifai, ambayo ilikuwa bado ni ya kiwandani, akatenga na njia ya wageni ili simu zao zisichanganyike na zetu. Kisha akafika kwenye nywila ya waifai, akataka kulifuta lile jina. Nilimshika mkono. Nikamweleza, kwa mara ya kwanza, kwa nini nilikuwa nikiiandika mwenyewe kwenye simu za wageni.

Alipangusa macho.

"Dada, password ni ya kufichwa," alisema. "Mtoto hatumfichi."

Akanionyesha kwamba kila waifai ina jina lake pia, lile linaloonekana kwenye simu zote zilizo karibu. Letu lilikuwa bado ni herufi na namba za kiwandani. Nywila mpya aliifanya sentensi ndefu isiyo na mtu yeyote wa ukoo wetu ndani yake, halafu akanisukumia kompyuta.

"Hapa ndipo pa jina. Andika."

Niliandika, safari hii nikianza na herufi kubwa, kama ambavyo mwalimu angemfundisha.

Jioni jirani aliniita juu ya ukuta. Alikuwa ameshika simu.

"Nimefungua nitafute waifai yangu," aliniambia, "nikamkuta mtoto. Yuko wa kwanza."

Nilimwambia asante.