Simu ya Linux ya Baba Mkwe

Mwalimu mwenzangu mmoja hupenda kuniuliza, hasa akiwa na wageni wa kuwachekesha, kama simu ya Linux inamfaa mtu asiyejua mambo ya simu. Zamani nilikuwa najibu kwa hotuba. Siku hizi namsimulia habari ya baba mkwe wangu, kisha namwacha aamue mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta, mzaliwa wa Muheza. Kyela nililetwa na barua ya ajira, nikabakizwa na mume. Simu yangu ilikuwa ya Linux, mfumo ule ule ninaoufundisha darasani. Najua mtaalamu ataniambia hata Android ina Linux ndani yake. Sawa, lakini ile wenyewe wameifunga, na yangu ilikuwa wazi: ukitaka kuhamisha kitu unahamisha, ukitaka kufuta unafuta, na ukiharibu umeharibu wewe. Sitasema uongo, ilikuwa na vituko. Ikifika saa sita mchana betri hoi. Kamera yake ilipiga ukungu hata siku ya jua. WhatsApp niliipata kwa kuzungukazunguka, na ile menyu ya pesa, ya nyota na reli, ilifunguka siku ikijisikia. Mume wangu, mwalimu wa jiografia na mtu wa amani, aliiita mke mwenza.

Sasa baba mkwe. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, na ukimwona anakuja njiani unajitosa kwenye mikakao mpaka apite. Ni heshima, si ugomvi. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini mzee wetu wa kijijini Bujonde hakulegeza hata kidogo. Shangazi wa mume wangu alinieleza yote wiki ya harusi, nami nikaitikia kwa adabu kama mtu anayepewa masharti ya nyumba ya kupanga.

Miaka minne ikapita. Nilimjua mzee kwa mgongo wake, kofia yake, na kikohozi alichokitoa makusudi akikaribia ua ili nipate muda wa kupotea. Salamu zetu zilipita kwa mama mkwe. Nikipika, ninaambiwa na mama kwamba baba amesema samaki amekolea. Basi. Dada yangu huko Muheza anataniana na baba mkwe wake mpaka unaona aibu kusikiliza, na mimi wangu sikuwahi kumwambia hata neno moja. Iliniuma, nasema wazi. Nilitaka anijue, na sikuona njia.

Mwaka huo mvua zilipokolea, simu ya mzee ilimponyoka kwenye jaruba akipalilia mpunga, ikaishia hapo. Wiki hiyo hiyo binti yao wa Ngonga akajifungua, na mama mkwe akatakiwa aende kumuuguza mzazi mwezi mzima. Mzee ana presha, anakunywa vidonge kila siku. Kuja kukaa kwetu mjini haikuwezekana, maana angekaaje nyumba moja na mimi? Kwa hiyo angebaki peke yake, na ilikuwa lazima apatikane kwa simu. Likimpata jambo bila sisi kujua, nani angejisamehe?

Mume wangu akasema, "Tumnunulie kitochi, tumalize."

Nikakataa. Nilikuwa na hoja zangu na kiburi changu, na sijui kipi kilikuwa kikubwa zaidi. Kitochi kina vitufe vidogo na mzee macho yamepungua. Android ingemjazia matangazo na bahati nasibu. Lakini hii yangu ningeweza kuivua kila kitu, nikaacha vitufe vinne vikubwa kama vipande vya sabuni: mama, mwanawe, nesi wa zahanati, na redio. Orodha ya waliopiga nikaificha ndani kabisa, asije akapotelea humo. Maneno yote nikayaandika kwa Kinyakyusa, mama mkwe akinisahihisha kwa simu. Ukikata simu, kioo kinakuandikia "Ndaga", yaani asante. Nikaacha pia njia ya kuingia kwenye simu hiyo kutoka mbali kwa kompyuta yangu, ili nikihitaji kurekebisha kitu nisilazimike kufika. Umeme angepata kwenye sola yake. Mimi nikabaki na kitochi, na mume wangu alicheka siku mbili.

Jumamosi akampelekea. Mama alikuwa ameshaondoka asubuhi kwenda Ngonga. Mume wangu alivyorudi aliniambia somo lilikwenda vizuri, mzee ameshika vitufe vyote vinne, ila hakuongea sana.

Jumapili tukapiga. Inaita, haipokelewi. Jumatatu vile vile. Nikaingia kwa kompyuta, nikaona simu ni nzima, imechomekwa kwenye sola, chaji imejaa, ila tangu Jumamosi hakuna aliyeigusa. Mume wangu akachukua pikipiki mpaka Bujonde. Akamkuta mzee hajambo, anapalilia. Simu ilikuwa kwenye kabati, imelazwa kifudifudi, imefunikwa kitambaa cha mezani.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema inamsumbua. Nimemwambia asiifunike, amenyamaza." Hakuongeza neno kuhusu kitochi, lakini nililisoma usoni kwake.

Nikaanza kuisahihisha simu. Nikakuza herufi. Nikaongeza sauti. Nikafuta redio, labda inamchanganya, kisha nikairudisha. Kila jioni mume wangu anaenda, anarudi na habari ile ile: kabatini, kifudifudi, kitambaa. Nilikasirika na watu wote. Nikaandika kwenye jukwaa la mtandaoni la sisi wapenzi wa Linux, nikaeleza tatizo. Wakanijibu kwa maneno mengi kwamba simu hizi si za wanaoanza, zina mambo mengi nyuma ya pazia, niache kumtesa mzee. Nilikaribia kukubali. Na kwa mimi kukubali kitu cha namna hiyo, ujue nilikuwa nimechoka.

Alhamisi mvua ikanyesha mchana kutwa. Ijumaa asubuhi tukaambiwa barabara ya Bujonde imekatika, maji yamevuka. Pikipiki haipiti. Jirani wa mzee mwenye simu alikuwa amehamia kwa mwanawe mpaka maji yapungue. Mume wangu aliingia darasani na uso wa mtu asiyemsikiliza mtu. Mimi nilikaa chumba cha walimu na kompyuta yangu, nikijilaumu, kwa sababu kitochi angekipokea, na aliyekikataa ni mimi.

Mama mkwe akapiga kutoka Ngonga. Nikamwambia yote, nusura nilie.

Akauliza polepole, "Mwanangu, akigeuza hiyo simu anaona nini?"

"Saa, mama. Vitufe vinne."

"Na nini tena?"

"Na picha yetu ya harusi kwa nyuma. Niliona itampendeza."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka nikasikia mtoto mchanga wa watu ameshtuka analia.

"Umemwekea baba yako uso wako," akasema. "Umemkodolea macho na meno nje. Kila akigusa, huyo umejitokeza. Ulitaka afanyeje? Akimbilie mikakao? Amekufunika, mwanangu. Kwa heshima kabisa amekufunika."

Nilihisi masikio yanawaka. Picha si uso, ndivyo nilivyodhani, au tuseme sikuwaza kabisa. Mume wangu alikuwa ameiona miaka minne kwenye simu yangu, haioni tena. Na mzee angemwambiaje mwanawe, mwondoe mkeo humu? Hilo nalo halisemeki. Wiki nzima nimepambana na mfumo, kumbe kilichomshinda mzee ni mimi.

Kuifuta picha ilichukua dakika moja, nimekaa hapo hapo na chai yangu iliyopoa. Nikaweka kijani kitupu. Lakini angejuaje, ikiwa simu imelala kifudifudi chini ya kitambaa na hakusudii kuigeuza? Mama mkwe ndiye aliyepata akili. Akaniambia nimrekodi kwa kompyuta. Akasema kwa Kinyakyusa, kwa sauti ile anayoitia watu shambani, kwamba mzee afungue kitambaa, mtoto wa watu ameshatoka kwenye simu. Nikaipeleka sauti hiyo Bujonde kwa mtandao, nikaifanya ndiyo mlio wa kuita. Simu gani nyingine ingenikubalia ujinga huo kwa dakika kumi?

Nikapiga. Nilimfikiria mzee kwenye nyumba yake tupu, kabati linamwita kwa sauti ya mkewe. Mara ya kwanza ikaita mpaka ikakata. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ikapokelewa.

"Haloo. Nani?"

Mume wangu alikuwa bado darasani. Sikuwa nimepanga hili.

"Shikamoo, baba."

Nilisikia mvua ikipiga bati upande wake. Nikajua anakata.

"Marahaba," akasema. Kisha akaongeza: "Mwambie mwenzako vidonge vimebaki vya kesho tu. Maji yamefika kwenye migomba. Nyumba ni nzima." Akakata.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya baba mkwe kwangu, vidonge na migomba. Jumamosi mume wangu alipita kwa miguu, maji kiunoni, mfuko wa dawa kichwani, akafika kabla ya kidonge cha mwisho kumezwa. Jioni walitupigia wakiwa wote wawili, kwanza mama, kisha mimi, na mume wangu akaniambia kwamba baba anasalimia. Nikashukuru. Nilidhani yameishia hapo, na sikuwa na kinyongo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Simu ya Linux inamfaa anayeanza kama kuna mtu wa kukaa nyuma yake na kuishona kwa kipimo chake, na kama mtu huyo anamjua anayemshonea. Mimi nilijua simu.

Jumatatu saa kumi, natoka kazini, kitochi changu kikaita. Namba ya mzee.

"Shikamoo baba, kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna kitu, mwanangu."

"Umenipataje? Sikukuwekea kitufe changu."

"Nimekutafuta. Kuna mahali ndani simu inaandika waliopiga. Nimehangaika tangu asubuhi." Akakohoa, kile kikohozi cha uani, ila safari hii sikuwa na pa kukimbilia. "Nimewaza jambo hili. Humu hatuonani. Nimeona si vibaya."

"Si vibaya, baba."

"Mwaka juzi nilisikia mama yako mzazi amelala hospitali, huko kwenu. Nikimuuliza mama wa huku, ananijibu, hajambo. Hajambo si habari. Namwombea kila siku, wala sijui kama bado anaumwa au alipona, na nisingeweza kukuuliza."

Nilikaa kwenye jiwe kando ya barabara na madaftari ya wanafunzi mapajani.

"Alipona, baba," nikasema.

"Nieleze," akasema. Nikamweleza tangu siku ya kwanza, naye akawa ananiuliza maswali, mpaka betri yake ikaisha.