Njia ya Dani kwenye Genge la Kanyamwa

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, katika miaka ya tisini, nilipokuwa mwalimu kijana juu ya Genge la Kanyamwa. Mimi nilizaliwa mjini Migori, penye maduka na magari ya kwenda Isebania, na sikuwa nimewahi kuona ardhi ikikatika ghafla namna ile. Unapita mashamba ya mtama, unapita nyumba mbili tatu, kisha dunia inaisha mbele ya miguu yako. Chini kabisa ni bonde la Lambwe na mbuga ya Ruma, nyasi tupu mpaka milima ya Gwasi. Kila mwisho wa juma nilikwenda kutazama. Nilichora miamba kwenye daftari, nikaandika ndege niliowajua na wale nisiowajua. Sijui kama wewe umewahi kushikwa na hamu ya kujua kitu mpaka chakula kikapoa mbele yako. Mimi nilishikwa.

Siku hiyo nilimkuta mama mzee akikata nyasi za kuezekea karibu na ukingo. Jina lake lilikuwa Awuor, lakini kila mtu alimwita Dani, kama tunavyomwita nyanya kwa Dholuo. Nilimwamkia haraka haraka, nikamuuliza nyati hukaa upande gani na twiga huonekana saa ngapi. Alinijibu kwa upole. Kisha nikamwonyesha duara la miti kule chini katikati ya nyasi, nikasema ni ajabu jinsi miti ya porini inavyoweza kujipanga yenyewe. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye kazi yake. Nilipomwambia nataka kushuka niione kwa karibu, alinionya kwamba mawe ya upande ule yamelegezwa na mvua. Nikamshukuru, na nikashuka upande uleule. Mimi nilikuwa na cheti cha ualimu, mwanangu. Yeye alikuwa na mundu tu.

Sikufika mbali. Jiwe nililolikanyaga lilibanduka, nikateleza kwa mgongo mpaka kwenye ukingo mwembamba wa mwamba, usiozidi upana wa kitanda. Kifundo cha mguu kikavimba papo hapo. Kurudi juu sikuweza, na chini sikuthubutu hata kutazama. Nililisikia daftari langu likigonga mawe, likigonga tena, kisha kimya. Niliita mpaka sauti ikakauka.

Dani hakuja kutoka juu. Alitokea ubavuni, nyuma ya kichaka, akitembea kama mtu anayeingia jikoni kwake. Kulikuwa na njia pale, na mimi sikuwa nimeiona. Alinifunga mguu kwa leso yake, akauweka mkono wangu begani pake, akawa ananionyesha pa kukanyaga, hatua moja moja. Katikati tulipumzika chini ya mwamba.

Hapo ndipo aliponiambia kwamba njia ile aliipanda akiwa msichana, siku watu wa kwao walipolihama bonde. Mbung'o walikuwa wamewamaliza ng'ombe, kisha ugonjwa wa malale ukaanza kuwachukua watu. Mama yake alibebwa mgongoni na kaka yake mkubwa. Walipumzika chini ya mwamba huo huo. Mama hakufika juu.

"Ile miti uliyonionyesha ni minyaa," akasema. "Ni ua wa boma letu. Baba aliupanda."

Niligeuka kuitafuta tena ile miti kule bondeni.

"Uliniuliza nyati wanakaa wapi," akaendelea. "Hukuniuliza mimi nilikuwa nakaa wapi."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nilichechemea wiki tatu. Mguu ulipopona nilikwenda kwake na sukari, majani ya chai na daftari jipya, nikauliza nilichopaswa kuuliza tangu mwanzo. Kumbe kila mwamba ulikuwa na jina. Baadaye niliwaomba askari wa mbuga, na mmoja wao akakubali kutupeleka kwa gari lao. Dani aliingia kwenye lile duara bila kusita, akanionyesha palipokuwa mlango, palipokuwa ghala. Jiwe la mama yake la kusagia lilikuwa bado pale, limezama nusu udongoni. Aliinama akalipangusa kwa kiganja, kisha akacheka kwa sauti, huku korongo wawili, wale swala wakubwa wa Ruma, wakitutazama kwa mbali.

Basi, mwanangu, sikukatazi kutangatanga. Nenda, panda, chungulia, macho yako yashibe. Ila ukifika mahali pazuri, usidhani hapakuwa na mtu kabla yako. Mtafute anayepajua. Muulize kwanza habari zake mwenyewe, ndipo umuulize za wanyama na mawe. Na akikuonya, msikilize, hata kama hana cheti.

Mungu Nyasaye akupe miguu ya kufika mbali, na kila uendako akukutanishe na mtu wa kukushika mkono.