Kitabu cha Vitambaa cha Hadija

Harufu ya mafuta ya cherehani ikichanganyika na ya kitenge kipya hunirudisha Bwiza, mtaa tuliokulia, kwenye sebule yetu ndogo, mwaka ule ambao mdogo wangu Hadija alikuwa bado hajasema neno hata moja. Wenzake mtaani walishaanza kutukanana vizuri tu. Yeye alinyoosha kidole na kuguna.

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa na dawa yake. "Mutoto huyu kilimi kinamuziba," alisema, akimaanisha kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. "Tumupeleke kwa muzee akikate." Wengi waliwapeleka watoto wao kukatwa hivyo. Nilimwona mtoto wa jirani aliporudi, anatema damu kwenye kopo, na jamani, niliogopa.

"Apana, wifi," Mama alimwambia. "Munipe muda."

Baba hakupenda ugomvi nyumbani, akaamua: Idi ikipita Hadija bado yuko kimya, atapelekwa.

Mama alikuwa fundi wa kushona, na kusoma hakujua. Akaokota mabaki ya vitenge, akashona kitabu: ukurasa mmoja chungu, mwingine ndagala, yule dagaa wa ziwani, mwenye jicho la kifungo, mwingine kuku wa shingo ndefu ajabu, ungedhani ngamia. Kila jioni baada ya futari aliketi mkekani na Hadija. "Huyu nani? Kuku. Kuku anataka nini?" Kisha ananyamaza, anamtazama mtoto machoni, anangoja kabisa, kana kwamba jibu liko njiani. Jibu lisipokuja, wanapiga makofi, wanawika, wanaendelea na ndagala.

"Mama, unaongea peke yako!" nilimtania.

"Naongea na Hadija. We tulia."

Mwezi ukaandama, Idi ikapita. Kesho yake asubuhi Shangazi aliingia na kitenge cha kumbebea mtoto mgongoni. Hadija alikuwa mapajani mwa Mama, wako kwenye ukurasa wa kuku. Mama akakifunga kitabu taratibu. Hadija akaudaka mkono wake.

"Tena," alisema.

Wallahi, neno lake la kwanza. Baba alivua kofia. Shangazi, na ukali wake wote ule, alijikuta amekaa chini, akauliza kwa sauti ndogo, "Kasema nini?" Mama alifungua kitabu, akaanza upya na kuku, huku machozi yakimtiririka. Habari za kilimi hazikutajwa tena kwetu.

Miaka yote nikaamini kwamba Mama alikuwa na uhakika. Utulivu ule ungeutoa wapi kama huna? Mpaka mwanangu mwenyewe alipochelewa kusema, nikamwendea Mama usingizi umenipaa, nikamwuliza alijuaje kwamba Hadija angeongea.

"Sikujua kitu," alinijibu. "Nilikuwa naogopa kuwashinda nyinyi wote. Ila nilijisemea, siku nitaacha kumuuliza, atajua hata mi nimemukatia tamaa."