Mpambe wa Saba

Nakiri kwamba aibu hii niliilipia mwenyewe. Wazazi walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikauza samaki mpaka Neema, mdogo wangu wa mwisho, akamaliza chuo. Kwenye sendofu yake mwezi uliopita, sherehe ya kumwaga kabla ya harusi, mimi ndiye niliyepaswa kumwingiza ukumbini badala ya baba, tukicheza. Sikutaka akose kitu ambacho wenzake wenye baba wanakipata.

Nilizunguka mjini kutafuta mwalimu wa dansi. Wa kwanza alifundisha mtu mmoja mmoja, na bei yake ilizidi mapato yangu ya wiki. Wa pili, kule Bagara, alikuwa na kundi la wasichana.

"Kaka, ukitaka nafuu simama nyuma, uwafuate hawa."

Niliwafuata wiki tatu nzima. Sikuuliza wanajiandalia nini. Niliona dansi ni dansi.

Siku yenyewe muziki ulipoanza, nilishika kiuno, nikazungusha nyonga, nikachuchumaa, nikawapulizia wageni busu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Kaka," Neema alininong'oneza, "hiyo ni ya wapambe!"

Nikageuka. Nyuma yetu wapambe wake sita, ambao kumbe walifundishwa na mwalimu yuleyule kwa zamu nyingine, walikuwa wamechuchumaa sawasawa na mimi.

MC akashika kipaza sauti. "Jamani, tuliambiwa wapambe ni sita. Huyu wa saba mwenye ndevu ni nani?"

"Ni baba yangu," Neema alijibu kwa sauti, kisha naye akashika kiuno.