Nilimvua Mama Mdogo Gauni la Kanisani

Admin, nakuomba ufiche jina langu. Wanaonijua wakinitambua, basi na iwe. Nina miaka ishirini na nane, ni Mgogo wa Mvumi, naishi Dodoma mjini. Nafanya kazi na watu wanaotengeneza vipindi vya televisheni. Kamera sishiki, kazi yangu ni kutafuta watu wa kuhojiwa na kuwatafsiria Kigogo.

Mwaka juzi bosi alitaka kipindi cha njaa vijijini. Kwa kiherehere changu nikampeleka kwa mama mdogo, aliyenilea na kunisomesha kwa karanga na alizeti zake. Tulimkuta amejiandaa kupokea wageni: gauni la kanisani, viatu, nyumba ya bati imefagiliwa, kuku yuko jikoni. Bosi akamtazama, akaguna, akaniambia huyu hatawatia watu huruma. Akaonyesha tembe la zamani la udongo wanapolala mbuzi, akauliza kama mama hana nguo nyingine.

Ningeweza kukataa. Badala yake nikamwambia mama mdogo avue gauni na viatu, avae kanga ya shambani, akakae mlangoni pa tembe. Akaniuliza, "Hawa wageni wamekuja kuniona mimi, au wamekuja kumwona nani?" Nikamjibu ndivyo televisheni inavyotaka. Akavua. Tulipomaliza tukakaa tukala kuku wake, na mimi nilikula.

Kipindi kikarushwa, kipande chake kikaingia kwenye simu za watu na mpaka leo kinazunguka. Mnajua Wagogo tunavyotaniwa kuwa ni ombaomba. Watu wakaona wamepata ushahidi. Kanisani, yeye aliyekuwa akiwapelekea chakula wasiojiweza, akaandikwa kwenye orodha yao. Wanaokitazama wanadhani anaangalia kamera. Mimi nilisimama pembeni ya kamera. Ananiangalia mimi, na kila kikinijia nazima simu.

Binti yake, nimwite Neema, ndiyo kwanza alikuwa amechumbiwa. Shangazi wa mchumba akamuuliza mbele za watu kama hiyo mahari itatosha kumlisha mama yake. Neema akarudi nyumbani analia, akataka kujua nani alimvalisha mama yake vile. Nilikuwepo. Mama mdogo akasema, "Nilijivalisha mwenyewe. Nilidhani watanisaidia." Tangu siku hiyo Neema hasemi na mama yake.

Nilimfuata mama mdogo nyuma ya nyumba, nikamwambia nitasema ukweli. Akakataa katakata. Akaniambia, "Akinichukia mimi atarudi, mimi ni mama yake. Akikuchukia wewe harudi."

Nimenyamaza mwaka mzima, na hajarudi.

Sendofu, sherehe ya kumuaga Neema, ni mwezi ujao. Neema ameamua kiti cha mama wa bibi harusi akae mama yangu mzazi, eti yeye hatamwaibisha mbele ya wakwe. Mama mdogo amekubali, kasema atasaidia kupika. Mimi nimepewa kazi ya kuwasimamia wapiga picha, niwaonyeshe nani wa kupigwa na nani wa kuachwa. Nikisema, nampoteza mdogo wangu na nimemkaidi aliyenilea. Nikinyamaza, mama atakaa jikoni siku ya kumuaga mwanawe, kwa kosa langu.

Msinipe pole, sistahili. Nishaurini tu ndugu zangu, nifanye nini, na nimwambie nani kwanza?