Siku Baba Alipojifungia Mahabusu

Samadi mbichi ikichanganywa na udongo ina harufu yake, na niliinusa tena majuzi mama mmoja alipokuwa akisiriba nyumba huko Nyambureti. Msikunje pua, jamani. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya furaha. Inanirudisha Tarime mjini, nikiwa na miaka tisa, kwenye mahakama ya zamani ya wakoloni iliyokuwa ikigeuzwa jumba la sanaa.

Jengo lilikuwa la mawe, lenye mlango mmoja tu, maana waliolijenga hawakutaka mtu atoroke. Mama mwenye jumba, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliwaita watu wawili wa kwetu: baba yangu, fundi umeme, afunge taa, na bibi yangu mzaa mama, aliyesifika kwa kupamba kuta kwa vidole, apambe ukuta mkubwa wa ndani. Ufunguzi ulikuwa kesho yake. Masikini, hakujua kwamba kwetu Wakurya mama mkwe na mkwewe hawakutani ana kwa ana. Akawaita wote wawili siku ileile.

Nilikuwa nimemshikia Baba ngazi tuliposikia sauti ya Bibi barazani. Baba, mwanamume wa miraba minne, aliruka chini, akajitupa kwenye chumba cha mahabusu na kurudishia mlango.

"Nyangi, nyamaza kabisa," alininong'oneza. "Akiniona anarudi kijijini, na ukuta utabaki mtupu."

Bibi akaingia na ndoo zake. Nikamwamkia. Aliitazama ngazi, akavitazama viatu vya Baba chini yake. Akaanza kazi. Lo, Bibi alijua kupamba! Udongo mwekundu wenye samadi chini, majivu juu, kisha masizi, vidole vikicheza ukutani huku akiimba. Nilitamani asimalize. Lakini roho yangu ilikuwa juujuu, na kila chafya iliyotoka mahabusu niliifunika kwa kikohozi. Nilikohoa sana siku ile.

Mchana Bibi alifungua kapu lake, akapakua ugali wa mtama na paja zima la kuku.

"Peleka kule chumbani," alisema bila kugeuka. "Nasikia kuna panya mwenye mafua. Mwambie ale, ashibe."

Baba alikuwa ameziba mdomo kwa kicheko. Alikula chote, kisha akanituma: "Mwambie Mama, panya anashukuru sana. Na huo ukuta ameuchungulia kwenye ufa wa mlango, hajaona mzuri kama huo."

Nikapeleka salamu. Bibi alicheka mpaka mstari mmoja mweusi ukaenda kombo, na hakuurekebisha. Jioni alifunga ndoo zake, akaondoka polepole, na ndipo Baba akatoka kumalizia taa.

Siku ya ufunguzi Bibi alikuwa ndani akipongezwa, Baba amesimama nje ya ua. Wageni walipiga makofi, wakanyamaza. Huko nje mtu mmoja akaendelea kupiga, kwa nguvu, peke yake.

"Huyo ni mkwe wangu," Bibi alimwambia kila aliyekuwa karibu, machozi yakimlengalenga.

Miaka mingi niliwahurumia, nikidhani wanaogopana. Leo nina mume, na mama yangu humkimbia vilevile, huku akimpikia vizuri kuliko anavyonipikia mimi. Sasa najua kwamba Bibi alimpenda Baba mno, na alikufa bila kumtazama usoni hata mara moja.